BOI NI NANI?

Hotuba ya karani wa machimbo mbele ya wanachama wa Kadutu, Bukavu



Halmashauri ya tawi iliniomba nije kusema nanyi juu ya jambo moja la elimu, kwa kuwa mimi ni karani na nilipata kusoma shule ya sekondari ya mapadri. Najua wengi mlingojea habari za bei ya madini, au habari za kura. Leo sikuleta hizo. Nimeleta neno moja dogo, herufi tatu tu. Ni neno la Kiingereza, lakini hapana mtu humu ndani asiyelijua, hata yule asiyejua neno lingine lolote la Kiingereza. Neno lenyewe ni boi.

Naona wengine wanacheka. Chekeni, lakini nisikilizeni hadi mwisho, kisha tutaona kama mtacheka tena.

Kwanza tuulize: boi ni nani? Kwa Kiingereza, boi ni mtoto mwanamume. Hiyo ndiyo maana tuliyofundishwa darasani. Lakini neno hili halikai mahali pamoja. Waingereza waliosoma shule moja, wakiisha kuwa wazee wenye mvi na fimbo mkononi, huitana maboi wa zamani, nao hukutana na kula karamu. Askari wao wakirudi kutoka vitani, watu wote huwaita maboi wetu, na mama zao hulia kwa furaha. Mchunga ng'ombe wa Marekani huitwa cowboy, yaani boi wa ng'ombe. Na katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walipoziona sinema zake walijiita Bills, wakavaa kama yeye na kutembea kama yeye. Mwaka 1908 jenerali Baden-Powell alitoa kitabu chake kwa ajili ya maboi, na uskauti ukaenea duniani hata ukafika kwetu. Katika mambo hayo yote neno hili ni zuri. Lina ujana ndani yake, lina urafiki, na anayeitwa kwalo hufurahi.

Basi sasa turudi nyumbani. Katika Kongo boi si mtoto. Boi ni mtu mzima, pengine ana wajukuu, naye apika chakula cha mtu mwingine, afua nguo zake, afungua mlango wake wa gari. Tuna boi wa nyumba. Tuna boi-shoferi, yule akaaye juu ya mizigo ya lori katika mvua na vumbi, na lori likishindwa na mlima aruka chini upesi kuweka gogo nyuma ya gurudumu. Waliosema Kifaransa wakaliongezea neno mkia wa lugha yao: mtumishi mwanamke wakamwita boyesse, na nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba kubwa wakaiita boyerie. Hata leo mtu akitafuta nyumba ya kupanga kule Ibanda, ataulizia maji, ataulizia umeme, kisha atauliza, «Je, ina boyerie?»

Na si kwetu tu. Tanzania msaidizi wa dereva wa lori ameitwa taniboi, na mtunza bustani shamba-boi. Kenya yuko hausiboi. Katika machimbo ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, wakati wa ubaguzi, Mwafrika aliyeongoza kundi la wachimbaji chini ya ardhi alikuwa na cheo chake rasmi: boss boy, yaani boi mkubwa. Fikirini jambo hilo. Mtu amepandishwa cheo, anaongoza wanaume wenzake shimoni, anajua jiwe lipi litaanguka na lipi litakaa, lakini cheo chenyewe kinamwambia kwamba angali boi. Mwaka 1946 Peter Abrahams wa Afrika ya Kusini alitoa kwa Kiingereza kitabu juu ya maisha ya mchimbaji, akakiita Mine Boy. Mwaka 1956 Ferdinand Oyono wa Kameruni akatoa kitabu kwa Kifaransa, Une vie de boy. Waandishi wawili, lugha mbili, nchi mbili zilizo mbali sana, na katika vichwa vya vitabu vyao neno ni lile lile moja.

Mtu atasema, «Karani, Wazungu walichukua neno la mtoto wakampa mtumishi Mwafrika ili kumdharau.» Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni ya ajabu zaidi. Katika maandishi ya kale ya Kiingereza, ya miaka kama ya 1300, boi ni mtumishi, au mtu wa chini asiye na cheo. Maana ya mtoto mwanamume ilipata nguvu baadaye. Basi Waingereza walianza kwa kuwaita hivyo watumishi wao wenyewe, weupe kama wao, wana wa nchi moja nao. Dharau ilikuwa ndani ya neno kabla halijavuka bahari.

Nao walijua kwamba linachoma. Shakespeare ana mchezo uitwao Coriolanus, ulioandikwa yapata mwaka 1608. Coriolanus ni jemadari wa Roma, ameshinda vita vingi. Adui yake Aufidius alitaka kumwaibisha mbele ya watu. Alianza kwa kumwita msaliti, kisha akaongeza tusi lililomchoma zaidi: akamwita boi. Jemadari yule akawaka kama moto, akalirudia neno lile tena na tena kama mtu asiyeamini masikio yake. Mtu aliyevumilia mikuki na majeraha, herufi tatu zilimshinda.

Toka miaka ya 1600 Waingereza walikuwa wakiwaita hivyo watumishi wao huko India. Baadaye neno likafuata biashara na meli hadi China, hadi pwani za Afrika, na mwisho likaingia Kongo. Wabelgiji walisema Kifaransa na Kiflamandi. Walikuwa na lugha mbili nyumbani mwao, lakini kwa mtumishi wao wa Kongo waliazima neno la lugha ya tatu.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye shina la maneno yangu. Neno moja, na kwa mmoja ni heshima, kwa mwingine ni fimbo. Tutajuaje tofauti? Mimi nimetafuta kipimo, na hiki ndicho nilichokiona: tazama kama neno laweza kurudi. Yule mzee Mwingereza akimwita mwenzake boi wa zamani, mwenzake humrudishia vile vile. Rafiki akimwita rafiki yake hivyo, hujibiwa hivyo, nao hucheka pamoja. Neno liendalo na kurudi ni salamu. Lakini bwana akisema «boi», hajibiwi «boi». Hujibiwa «ndiyo bwana». Neno limekwenda, halikurudi. Na neno lisiloweza kurudi kwa aliyelitoa, hilo ndilo lenye dharau, hata likisemwa kwa sauti ya upole.

Wazee wetu wa uhuru walikijua kipimo hiki. Hapa Bukavu mwaka 1958 kilizaliwa chama cha CEREA kudai uhuru. Tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba aliposimama mbele ya Mfalme Baudouin, alihesabu mateso ya miaka mingi: kazi ngumu, mapigo, ardhi iliyonyang'anywa, magereza. Na katikati ya mateso hayo makubwa alitia jambo ambalo wengine wangaliona dogo: kwamba Mwafrika aliambiwa tu, wala si vous, na si kwa sababu ya urafiki, bali kwa sababu vous ilikuwa imewekwa kwa Wazungu peke yao. Mbona alitaja neno dogo la sarufi siku kubwa kama ile? Kwa sababu lilikwenda bila kurudi. Mzungu aliweza kumwambia Mwafrika tu, lakini Mwafrika akimjibu hivyo, atakiona.

Ndugu zetu weusi wa Marekani nao walipigana na neno hili hili letu. Mwaka 1963 Mchungaji Martin Luther King, akiwa katika gereza la Birmingham, aliandika kwamba mtu mweusi hata akiwa na umri gani huitwa boi, kana kwamba ndilo jina lake. Mwaka 1968, mwezi wa Februari, katika mji wa Memphis, wazoa taka wawili waliuawa na mashine ya lori la taka walipokuwa wamejikinga mvua. Wenzao wakagoma. Walibeba vibao kifuani, na juu yake hapakuwa na hesabu ya mshahara. Paliandikwa maneno haya tu: Mimi ni mtu mzima mwanamume. Hilo lilikuwa jibu la neno boi. King alikwenda kuwaunga mkono, na huko Memphis akauawa kwa risasi tarehe 4 Aprili 1968.

Msidhani mambo haya ni ya kale tu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokea shauri la wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kuku katika Alabama, ambao mkubwa wao aliwaita boi. Mahakama ya chini ilikuwa imesema kwamba neno hilo likisimama peke yake, bila kuongezwa neno la rangi, si alama ya ubaguzi. Mahakama Kuu ikakataa. Ikasema kwamba neno haliwi safi kwa sababu tu limesimama peke yake. Yafaa kutazama limesemwa mahali gani, kwa sauti gani, na kwa desturi gani ya watu wa pale. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kwa kuwa majaji walisema kwa lugha ya sheria jambo ambalo kila mpishi wa Bukavu analijua bila kusoma.

Na sisi je? Hapa ndipo nisipotaka tucheke tena. Wazungu wenye nyumba zile waliondoka, lakini neno halikupanda ndege pamoja nao. Lilibaki, likapata mabwana wapya. Mwaka 1972, wakati wa Mobutu, tuliamriwa tusiseme tena monsieur wala madame. Kila mtu akawa mwananchi, citoyen na citoyenne. Lakini nyuma ya nyumba za wakubwa, boi alibaki boi. Leo asubuhi wanaume wanashuka kutoka Kadutu kwenda kazini Ibanda kama walivyoshuka baba zao, na kule wataitwa boi na Mwafrika mwenzao, pengine kijana aliye na umri wa watoto wao. Mtoto wa nyumba, wa miaka saba, hupiga kelele, «Boi, lete maji!» na mama yake hamwonyi. Mtoto huyo, akikutana na mtu wa umri ule ule njiani, atamwamkia, «Jambo papa.» Basi ni nani aliyemfundisha kwamba kuna baba wa kuamkiwa na baba wa kuitwa boi?

Wengine hufikiri kwamba maboi hawana la kusema. Si kweli. Mwaka 1965 huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wao. Watu waliosimama nyuma ya viti vya mabwana wakati wa chakula walikuwa wakisikia yote. Waliandika jinsi mji ulivyojengwa, na mabwana walikuwa watu wa namna gani. Baadaye, mwaka 1990, mtaalamu Johannes Fabian aliyatoa maandishi hayo kuwa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wataalamu wa vyuo vikuu wanajifunza kwayo. Yule aliyeitwa boi ndiye aliyetunza historia ya bwana.

Sasa niungame jambo langu mwenyewe, maana si vizuri kuwaonyesha wengine kibanzi. Nilipoanza ukarani katika machimbo fulani, ambayo sitayataja, nilipewa kitabu cha mishahara. Kapita wa kila kundi aliniletea majina ya wachimbaji, nami nikayaandika sawasawa: jina, jina la baba, nambari. Lakini wale waliofanya kazi katika nyumba za wakubwa, kupika na kuchota maji na kupeleka chakula mashimoni, niliwakuta wameandikwa Boi 1, Boi 2, Boi 3, mpaka Boi 6. Sikuuliza neno. Niliona ni rahisi, kwa kuwa mmoja akitoka na mwingine akiingia, karani hana haja ya kufuta kitu. Nikaendelea hivyo miaka miwili, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya mapadri.

Siku moja ya masika udongo uliporomoka penye shimo. Aliyekuwa amepeleka chakula kule alifunikwa, akafa. Baada ya siku kadhaa akaja mke wake kwa miguu, na watoto wawili, na kaka yake. Akasimama mbele ya meza yangu, akataja jina la mume wake, na jina la baba wa mume wake, na ukoo wao, na kijiji chao. Nikafungua kitabu. Nikatafuta kutoka juu hadi chini. Nikamwambia, «Mama, mtu huyo hayumo.» Akasema, «Amefanya kazi hapa miaka sita.» Nikamwambia tena, «Hayumo.» Ndipo mpishi mmoja mzee aliyekuwa mlangoni akasema polepole, «Karani, anamtaja Boi 3.»

Ndugu zangu, nilikuwa nimemla mtu yule chakula chake mara nyingi. Nilikuwa nimemwambia asante. Sikuwa najua jina lake mpaka nilipolisikia kwa mjane wake. Mshahara wa mwezi ule alipewa, na wafanyakazi wakachanga kidogo. Lakini malipo ya kifo hakupata, kwa sababu karatasi ilitaka jina la marehemu liwe kitabuni, nalo kitabuni halikuwamo. Mkono uliomnyima ni huu wangu.

Kwa hiyo mtu akiniambia, «Karani, neno ni upepo, mwite boi au mwite mtumishi, mshahara wake ni ule ule,» namjibu hivi. Ni kweli jina zuri halijazi sufuria. Tulibadilishiwa maneno mwaka 1972, na sufuria hazikujaa. Lakini mshahara huanzia kwenye jina. Asiye na jina kitabuni hawezi kudai siku ya mapumziko, wala dawa, wala malipo ya kifo. Mwaka 2011 mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulikubali Mkataba wa 189, nao hausemi habari za boi. Husema mfanyakazi wa nyumbani, na husema kwamba ana haki ya kuelezwa masharti ya kazi yake, na kupumzika saa 24 mfululizo kila juma. Haki hizo zote zataka mwenyewe aandikwe kwa jina.

Basi naleta mbele ya tawi letu maombi matatu.

La kwanza ni la kinywa. Mwanachama wa chama hiki asimwite mtu mzima boi. Mtu ana jina lake, na ana kazi yake: ni mpishi, ni mfuaji, ni mlinzi, ni mtunza bustani. Akiwa na umri wa baba yako, mwite papa; akiwa mkubwa wako kidogo, mwite yaya. Tunayo maneno ya heshima ya kutosha, hatuna haja ya kuazima la dharau. Vijana wakiitana boi kwa mchezo, waacheni. Lao linakwenda na kurudi.

La pili ni la kitabu. Ninyi makarani wenzangu, wenye maduka, wenye malori, wenye vyumba vya wageni: fungueni vitabu vyenu. Kila mahali palipoandikwa boi, andikeni jina kamili, na siku aliyoanza kazi. Hii haitaki serikali wala kura. Yataka kalamu tu.

La tatu ni la nyumba. Ninyi mlio na mtu anayewafanyia kazi nyumbani, mjadiliane naye masharti yake mbele ya shahidi mmoja, mshahara na siku ya kupumzika, na muyaandike. Tukishindwa kufanya hivi katika nyumba zetu, kwa uso gani tutasimama kuisema serikali?

Nimalize kwa neno jingine la Kiingereza, linalofanana na boi lakini si ndugu yake: boycott. Lilitoka kwa jina la mtu, Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya tajiri mmoja huko Ireland. Mwaka 1880 alitaka kuwafukuza wapangaji masikini katika ardhi. Watu hawakumpiga. Waliacha tu kumfanyia kazi. Watu wa pale hawakumvunia shamba lake, hawakumpikia, dukani hawakumwuzia kitu. Jina lake likawa neno la dunia nzima, maana yake kususia. Watu weusi wa Montgomery huko Marekani wakasusia mabasi kwa siku 381, toka Desemba 1955 hadi Desemba 1956, wakashinda. Kapteni yule alikuja kujua siku moja jinsi nyumba ilivyo bila watumishi. Sisi tusingoje kufundishwa hivyo.

Leo jioni mtarudi nyumbani. Wengine mtafunguliwa mlango na mtu ambaye mmemwita boi mwaka mzima. Msimameni naye kidogo, mwulizeni jina lake, na jina la baba yake, na kwao ni wapi. Mkisha kulisikia, liandikeni.